Gunia Halichomwi Mahali Pamoja

Jina langu ni Raya. Naishi Madungu, Chake Chake, lakini kitovu changu kilizikwa Wingwi. Haya nimeyasema kwa mdomo, na binti yangu Zuhura, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyeyaandika. Kipemba changu kakinyoosha kidogo ili na wa mbali wasome, ila nimemkataza kuupunguza ukali wangu. Mtu aliyekatwa kipande cha pafu akabaki hai ana haki ya kusema kwa sauti anayoitaka.

Kabla ya maradhi nilikuwa mwanamke wa sauti. Mume wangu Faki ana mikarafuu ya urithi kule Wingwi, na kila msimu tunahamia huko mpaka uvunaji umalizike. Wanaume huchuma, sisi wanawake tunakaa juu ya majamvi tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Kazi ile inatia usingizi. Mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha kasida, wenzangu wanaitikia, na pumzi yangu ilikuwa ndefu kiasi kwamba wifi yangu Mize, dada yake Faki, alikuwa akinitania kuwa nimemeza pampu ya baiskeli.

Nilipokuwa msichana niliugua kifua kikuu. Nilimeza dawa zote hadi nikaambiwa basi, nikapona. Likabaki kovu juu ya pafu langu la kulia. Nililijua, kwa sababu kila nikipigwa eksirei daktari huniuliza, nami humjibu, "La zamani hilo." Nililizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkimya.

Ikaja miezi ambayo yule jirani hakunyamaza tena. Kwanza kikohozi kikavu, cha asubuhi. Ilikuwa msimu wa karafuu, na vumbi lake sote tunalijua, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Msimu ukaisha, majamvi yakakunjwa, kikohozi kikabaki. Halafu yakaja maumivu nyuma ya bega, ya kuguguna, usiku na mchana. Kanga nikawa naifunga mara mbili na bado inateremka. Siku moja nikakohoa kwenye kitambaa cheupe nikaona uzi mwembamba wa damu.

Nilikwenda hospitali. Makohozi yangu yakapimwa, hayakuwa na kifua kikuu. Eksirei ikaonyesha kovu lile lile. Tabibu wa pale alikuwa kijana mpole, akanambia, "Bi mkubwa, hili ni kovu la zamani. Kovu haliumi." Akanipa dawa ya kikohozi. Nikarudi nyumbani nikainywa, ikaisha, nikarudi tena, nikapewa nyingine.

Wasiniambie watu kuwa sikujaribu ya kwetu. Nilikunywa asali na habasoda mpaka nikaichukia asali. Nilipigwa chuku mgongoni, zikaniachia duara nyeusi kama nimekaliwa na vikombe. Nilisomewa, na kusomewa kulinituliza moyo, nasema kweli. Lakini uzi wa damu haukukatika. Mize alikuja akaniangalia vidole, akaona kucha zimevimba na kujipinda kwa chini.

"Wifi, hizi si kucha zako," alisema.

"Ni za nani basi? Nimeazima?"

Hakucheka. Hapo nikajua kuwa hali yangu ni mbaya, kwa sababu Mize hucheka hata matangani.

Niliporudi hospitali mara hiyo sikwenda kuomba dawa. Nilikaa mbele ya yule tabibu nikamwambia, "Mwanangu, hili kovu nimeishi nalo tangu ujana wangu. Halijawahi kunitoa damu. Ukinambia tena kovu haliumi, nitalala hapa hapa kwenye benchi lako." Akanitazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. Akaniangalia kucha, akanisikiliza mgongo kwa muda mrefu, akanipa rufaa ya kwenda Unguja kwenye mashine ya CT. Simlaumu. Alibadilika alipoambiwa, na wengi hawabadiliki.

Unguja nilimkuta Daktari Salma, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Alituita mimi, Faki na Zuhura, akatuonyesha picha. Kovu lilikuwa jeupe, limejikunja na kuvuta nyama ya pafu kulizunguka. Pembeni yake palikuwa na kinundu.

"Kuna saratani zinazoota kwenye makovu ya mapafu," alisema. "Tatizo ni kwamba kwenye picha kovu na saratani hufanana. Siwezi kukutibu kwa kubahatisha. Lazima nichukue chembe za hapo ndani zikatazamwe kwa hadubini."

"Utazichukua vipi?" aliuliza Faki.

"Kwa sindano ndefu nyembamba. Naipitisha mgongoni, katikati ya mbavu, mpaka kwenye kinundu."

Mume wangu akanyanyuka. Niwaambie kitu kuhusu Faki. Si mtu katili wala si mjinga. Ni mkulima wa mikarafuu, mwana wa mkulima wa mikarafuu, na kwao mtoto hufundishwa kabla hajaota meno kuwa mkarafuu hautiwi panga shinani. Ukiujeruhi gome, maradhi hupita hapo hapo, nao hukauka umesimama. Kaona miti ya babu yake ikifa hivyo.

"Mkarafuu wenye kovu hauguswi," alimwambia daktari. "Kuuchokoa ndiko kuuua. Huyu kaishi na kovu lake miaka yote. Mukilitia chuma litaamka."

Na si Faki peke yake. Pemba nzima utasikia kuwa uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika, ukatawanyika mwilini. Kila mtu anamjua fulani aliyechomwa sindano akafa. Hakuna anayeuliza fulani alikuwa ameshafika wapi na ugonjwa siku aliyochomwa.

Nilimwambia, "Baba Zuhura, mie si mkarafuu."

Daktari Salma akamweleza kwa heshima kuwa kwenye pafu jambo hilo la kutawanyika ni nadra mno, na kuwa hatari iliyo karibu zaidi ni pafu kuvuja hewa. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza mimi. Nikakubali.

Nililazwa kifudifudi ndani ya ile mashine ya duara. Nikapigwa ganzi, ikaunguza kidogo, halafu nikawa nasikia msukumo tu. "Usikohoe," daktari ananambia. "Vuta pumzi. Ishike." Mtu mwenye kikohozi anaambiwa asikohoe. Machozi yalinitoka si kwa maumivu bali kwa kujizuia. Nilimsikia akimwambia msaidizi wake kuwa kovu ni gumu kama gozi la ngoma. Sindano ikatoka, kilichomo kikapakwa kwenye vipande vya kioo, vikatiwa kwenye spiriti.

Jioni ile nikakosa pumzi. Hewa ilikuwa imevuja nje ya pafu, kama tulivyoonywa. Kila nikivuta, kifua kinanichoma upande mmoja na hewa haifiki. Niliwekewa oksijeni, nikalala nimeinuliwa, Faki ameushika mguu wangu kwa sababu hakuwa na pengine pa kushika. Hakusema "nilikwambia", lakini ilikuwa usoni pake. Mungu akajaalia hewa ikanywea yenyewe, bila kutiwa mrija.

Majibu yakaja. Daktari Salma alisema, "Tumepata nyuzi za kovu, na chembe chache sana. Hazitoshi kusema lolote."

Faki akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Alhamdulillahi. Hana."

"Sikusema hana," daktari alijibu. "Nimesema sikuiona. Kovu ni gumu, na sindano imeingia kwenye ugumu. Nataka nirudie, nichukue pembeni, kwenye ukingo."

Nakumbuka tulikaa kwenye ukuta wa nje, chini ya jua, na chupa ya maji tukipokezana. Faki akanisihi. Sijawahi kumsikia mume wangu akisihi, hata alipokuja kuniposa alikuja kama anayekagua shamba.

"Raya, kushachomwa mara moja, hawajaona kitu. Nusura ufe mbele yangu. Twende zetu nyumbani. Mungu katusitiri, nasi twende tukamchokoze?"

Zuhura alikuwa analia. Mize alikuwa kwenye simu kutoka Wingwi, na yeye anasema turudi, keshaanza kupika. Nilitamani kurudi. Nataka hili lijulikane. Nilitamani majibu yale ya kwanza yawe ndiyo majibu, niyakunje niyatie kibindoni niondoke nayo. Niliogopa kukosa pumzi tena kuliko nilivyoiogopa saratani yenyewe, maana saratani sijaiona, na kukosa pumzi nimekuonja.

Lakini mimi nimekulia kwenye karafuu. Nikamuuliza, "Baba Zuhura, ukipeleka magunia kituoni kuuza, karani hufanya nini?"

"Hupima."

"Kabla hajapima."

"Hutia bambo."

Bambo ni kile chuma chenye mfereji na ncha kali. Karani hukichoma kwenye gunia, hukizungusha, na kikitoka kimebeba karafuu za ndani ambazo macho hayazifikii. Hapo ndipo anapojua kama ni kavu au mbichi, na kama kuna mjanja aliyechanganya makonyo.

"Na likichomwa mara moja likatoka safi?" nikamuuliza. "Weye mwenyewe msimu uliopita ulimcheka nani, aliyeficha makonyo chini ya gunia akidhani karani atachoma juu tu?"

"Jirani yetu," alisema Faki.

"Gunia halichomwi mahali pamoja," nikasema. "Huchomwa juu, na ubavuni, na chini. Na karafuu haziharibiki kwa bambo, wala makonyo hayazaliani. Yaliyomo ndiyo yatakayotoka. Mie leo ni gunia. Nataka kujua nimebeba nini."

"Na ukivuja tena?"

"Nikivuja nitazibwa. Lakini nikirudi Wingwi na hii 'sikuiona', ntakufa kwa neno ambalo daktari hakulisema."

Faki akasimama, akanipa mkono niinuke. Hakusema "nimekubali". Alisema, "Utakula kwanza," akaenda kununua muhogo na samaki.

Niliweka sahihi yangu mwenyewe mara ya pili kama ya kwanza. Safari hii chumbani alikuwepo na daktari wa maabara, bwana mmoja mwenye miwani, na hadubini yake juu ya meza. Sindano ikaingia ukingoni. Kila kilichotoka alikipaka kwenye kioo, akakitia rangi haraka, akainama kutazama, na mimi bado nimelala kifudifudi na sindano nyingine inasubiri. Akasema, "Bado." Nikachomwa tena. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu mpaka nikapoteza hesabu. Akasema, "Zimetosha." Hakusema zimetosha kwa nini, na sikuuliza. Nilijua makonyo yameonekana.

Ilikuwa saratani. Aina ambayo huanzia kwenye vijitezi vya pafu, na hupenda kuota kwenye makovu. Wa kwanza kulia alikuwa Faki. Wa kwanza kuuliza alikuwa mgonjwa mwenzangu wodini: "Ulikuwa unavuta sigara?" Watu wananiuliza hivyo hivyo mpaka leo, kama kwamba nikisema ndiyo watapumua. Sijawahi kuvuta. Na hata ningevuta, je, ndiyo nisitibiwe?

Nilimwomba Daktari Salma jambo moja. Nilitaka kuziona hizo chembe. Alishangaa, lakini akanipeleka kwa yule bwana wa maabara, akaniwekea kioo changu. Nikafumba jicho moja. Mwanzo niliona rangi ya zambarau tu. Akanielekeza pole pole.

"Hizi zilizopangika ni zako za kawaida," alisema. "Hizi zilizorundikana, zenye viini vikubwa vyeusi, kila kimoja na umbo lake, ndizo."

Nikazitazama sana. Vitu vidogo vile ndivyo vilivyonifungua kanga, vikanivunja sauti, vikamfanya mume wangu asihi hadharani. Nikaziambia, "Nimekuoneni." Yule bwana alidhani namwambia yeye. Nikarudia, nikiwa bado nimeinamia hadubini. Tangu siku ile sikuiogopa tena saratani kwa namna ile. Niliichukia, na kuchukia kuna nguvu ya kusimama ndani yake.

Daktari alisema kinundu bado hakijasambaa, kinafaa kukatwa. Tukaenda Dar es Salaam. Nikapasuliwa ubavuni, kikatolewa kipande cha juu cha pafu la kulia, kovu na saratani yake pamoja. Nilipozinduka nilikuwa na mrija mnene kati ya mbavu, unatoa maji mekundu kwenye chupa. Kukohoa kulikuwa kama kupasuliwa upya. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kunikohoza kila siku, na kila siku nilimtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe, maana yeye ndiye aliyenifungulia pumzi. Baadaye nikapewa dripu za dawa ya saratani. Nywele zikanyonyoka. Kila chakula kikawa na ladha ya msumari. Nilitapika mpaka nyongo. Kuna siku nilijichafua kitandani, na Mize, aliyekuwa amevuka bahari kuja kunishika, akanisafisha na kuniimbia kasida zangu mwenyewe kwa sauti yake mbovu. Nilimwambia aache, ugonjwa unatosha. Akacheka, nikajua nitapona.

Niliporudi Madungu watu walikuja kuniangalia wakikaa kama matangani. Bibi mmoja wa mtaa alikuja na ushauri kuwa ni vizuri mtu kununua sanda mapema asiwasumbue wanawe. Nikamwambia, "Nunua, bibi. Nisipoihitaji, itakufaa weye." Hajaja tena.

Sasa nasimama. Mlima wa kwetu Wingwi naupanda kwa kupumzika njiani, na nikipumzika nawatazama wanaonihurumia mpaka wanatazama pembeni. Kasida siongozi tena, pumzi haifiki mwisho wa ubeti. Inaniuma hiyo, sitadanganya. Msimu uliopita Zuhura ndiye aliyeanzisha, nami nikaitikia na wenzangu. Kila baada ya muda narudi kupigwa picha, na kila nikienda naogopa. Nakwenda hivyo hivyo.

Namshukuru Mungu, ambaye hakuteremsha maradhi bila dawa yake. Nawashukuru madaktari wangu, na yule kijana wa kwanza pia. Kwenu munaosoma nina machache. Kama uliwahi kuugua kifua kikuu na kovu lako limeanza kusema, lisikilize, usiliambie linyamaze. Kikohozi kisichoisha hakina adabu ya kusubiri msimu upite. Msifiche. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio changu nilikisikia kinakuja. Na ukichomwa sindano ukaambiwa chembe hazikutosha, usiende nyumbani kufanya sherehe. Muulize daktari: hazikutosha, au hazipo?

Nilidhani ushuhuda wangu unaishia hapa. Lakini wiki hii Mize alinijia jikoni, akafunga mlango, akaushika mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kushoto. Kitu kigumu, kama kokwa ya kunazi. Keshapimwa, akanambia, keshachomwa sindano, na majibu yamesema chembe hazitoshi. Anatakiwa arudi.

"Sirudi, wifi," alisema. "Hawakuona kitu. Mungu kanisitiri."

Nilifungua mdomo nimjibu, sikuwahi. Faki alikuwa mlangoni, sijui kaufungua saa ngapi; kumbe hospitali walimpigia simu yeye, na tiketi za meli ziko mkononi mwake, yake na ya dada yake.

"Vaa baibui," alimwambia. "Gunia halichomwi mahali pamoja."